Nimetokea dipuloma, integresheni inanimaliza mwaka wa kwanza. Nianzie wapi?

Chenaji_Sifuri

Wakuu habari za usiku, naomba mnivumilie nimeandika kirefu kidogo.

Niko mwaka wa kwanza digrii ya uhandisi ujenzi, semista ya pili, nina miaka 28. Advansi sikupita, nilimaliza fomu foo nikaenda dipuloma, baada ya hapo nikaingia saiti miaka mitatu na nusu, barabara za changarawe kwanza baadae lami, nilianza kumshikia sevea (mpima ardhi) stafu, ile fimbo ndefu ya vipimo, nikaja kusimamia gengi la makalavati. Nimeacha kazi nina mke na mtoto mmoja, ada nalipa kwa akiba yangu mwenyewe na mke wangu ana duka dogo ndo linatulisha, kwahiyo hili swala la kufeli siwezi kulichukulia poa kama vijana wenzangu darasani.

Semista ya kwanza kalkulasi ilikuwa difrensiesheni, nikapata C nikashukuru Mungu. Hii ya sasa ni integresheni tupu toka wiki ya kwanza. Darasani tuko zaidi ya mia mbili, wengi wametoka PCM (fizikia, kemia na hesabu za advansi), lekchara akiandika ubaoni anaruka hatua tatu wao wanaitikia ndio, mimi bado natafuta ile ya kwanza imetokea wapi. Testi ya kwanza nimepata 9 kati ya 30. Kozweki ni 40, pepa ya mwisho 60, zimebaki wiki sita.

Kinachoniuma ni kwamba nasoma. Nakaa maktaba mpaka wanazima taa. Naweka maswali yangu matatu ya testi hapa na nilivyojibu, yote niliwekewa kosa:

Swali la kwanza, ∫ x(x² + 1)³ dx kutoka 0 mpaka 1. Nikaweka u = x² + 1, du = 2x dx, nikapata u⁴/8, nikaingiza 1 na 0, jibu 1/8.

Swali la pili, ∫ x eˣ dx. Nikatumia bai patsi, u nikaipa eˣ na dv nikaipa x dx. Ikaja x²/2 ndani, nikarudia ikaja x³, nikarudia tena muda ukaisha.

Swali la tatu, ∫ dx/(x² − 4x + 13). Nikajibu ln(x² − 4x + 13) + C.

Maswali yangu ni haya, nianzie wapi ndani ya hizi wiki sita, kuna mtu humu alitoka dipuloma bila advansi akatoboa, na la mwisho naomba msinichoke, hii kitu inatumika wapi? Miaka mitatu na nusu saiti sijawahi kumwona injinia hata mmoja akiintegreti kitu. Nadhani kama ningejua inakwenda wapi ningeishika.

Past_Pepa_Zote

Mkuu pole. Usijitese na kuelewa, wiki sita ni chache. Tafuta pepa za miaka mitano nyuma, maswali yanajirudia, yanabadilishwa namba tu. Kariri hatua za kila aina, ingia kwenye chumba mwaga. Mimi nilipita hivyo hivyo na sikuwa na msingi kabisa, baada ya hapo hesabu nilizisahau na maisha yanaenda.

Mzee_wa_Levo

Mdogo wangu nimesoma mpaka mwisho na nataka nianze na hilo swali lako la tatu maana ndo kubwa kuliko yote japo umeliweka mkiani.

Unasema hujawahi kumwona mtu akiintegreti saiti. Mimi ni sevea mwaka wa kumi na tisa huu. Wewe ulikuwa unamshikia sevea stafu, mnatembea na chenaji (umbali toka mwanzo wa barabara), kila mita 20 mnapiga krosi sekisheni, yaani sura ya ardhi ikikatwa kwa upana wa barabara, jioni anakaa na daftari anatafuta eneo la kila krosi sekisheni, halafu anatafuta kifusi cha kuchimba na cha kujaza. Kumbuka alikuwa anafanyaje. Anachukua eneo la krosi sekisheni hii, anajumlisha na la ile inayofuata, anagawa kwa mbili, anazidisha na umbali. Ndugu yangu hiyo ndo integresheni. Mlikuwa mnafanya kila jioni mnaita kuhesabu kifusi.

Chukua mfano huu ukae nao kwa kalamu usiusome tu. Mwanzo wa kipande eneo ni mita za mraba 12, mwisho wake mita 20 mbele ni 18. Wastani 15, mara 20, unapata mita za ujazo 300. Sasa sema injinia mshauri amekataa, anataka krosi sekisheni na katikati, umeenda kupima kwenye mita 10 ukakuta eneo ni 14, siyo 15 kama ulivyodhani. Hesabu upya vipande viwili vya mita kumi kumi, cha kwanza 130 cha pili 160, jumla 290. Kumi zimepotea. Akirudi tena anataka kila mita 5, ukakuta kwenye mita 5 eneo ni 12.75 na kwenye mita 15 ni 15.75, hesabu vipande vinne utapata 287.5.

Angalia hizo namba zinavyokwenda. 300, 290, 287.5. Zinashuka lakini kila safari zinashuka kidogo zaidi, kuna mahali zinaelekea. Hayo maeneo niliyokupa yanatoka kwenye fomula moja, A = 12 + 0.1x + 0.01x². Iintegreti hiyo kutoka 0 mpaka 20, ni kazi ya wiki ya kwanza ya kozi yako, unapata 240 + 20 + 26.67, yaani 286.67. Hapo ndo zilipokuwa zinaelekea. Hiyo alama ∫ ni S imevutwa, ni S ya neno summa, jumla kwa Kilatini, Leibniz aliiandika mara ya kwanza mwezi wa kumi 1675. Anasema jumlisha. Na hiyo dx ambayo najua unaiacha acha mwishoni kama pambo ndo umbali wa kutoka krosi sekisheni moja mpaka nyingine, umefanywa mdogo kupita kiasi. Eneo mara umbali, A mara dx, jumlisha zote. Ukiacha dx ni sawa na kumpa mkandarasi maeneo ya krosi sekisheni bila kumwambia ziko umbali gani, atakulipaje?

Na kuna kitu kizuri zaidi. Chukua yale maeneo matatu tu, mwanzo 12, kati 14, mwisho 18. Zidisha la kati mara nne, jumlisha yote, 12 + 56 + 18 ni 86, zidisha na 20 gawa kwa 6. Unapata 286.67 ile ile, bila kuintegreti chochote. Hiyo kwetu masevea ndo fomula ya prizmoidi, kwenye kozi yako utaikuta inaitwa Simpson. Na kabla ya Simpson, Kepler yule wa sayari alishaitumia kwenye mapipa ya mvinyo. Alioa mwaka 1613 akiwa anaishi Linz, akanunua mvinyo wa nyumbani, akamwona muuzaji anatumbukiza fimbo kwenye tundu la pipa anasoma urefu anataja bei hapo hapo bila kuuliza pipa limetuna kiasi gani. Hakukubali. Akakaa akaandika kitabu kizima cha kupima ujazo wa mapipa kikatoka 1615, kwa kulikata pipa vipande vyembamba na kujumlisha. Newton na Leibniz walikuwa hawajazaliwa.

Kwahiyo usiingie kwenye hiyo kozi kama mgeni. Hao vijana wa PCM wanajua kuzungusha alama, lakini wewe umeshaona hiyo jumla ikimwagwa na tipa.

Chenaji_Sifuri

Mzee wangu nimekaa hapa nimeduwaa. Nimefanya mfano wako mara mbili kwa kalamu, ile 287.5 imenitoka sawa sawa. Sevea niliyekuwa namshikia stafu alikuwa anasema "ukikaza chenaji unapata kifusi cha kweli", nilidhani anazungumzia bidii ya kazi. Asante sana sana.

Tyuta_wa_Jioni

Kaka Chenaji, mimi nafundisha tyutoriali za kozi kama hiyo, na kila mwaka napata wanafunzi waliotokea dipuloma na kazini, na swali lako la pili nikujibu kabisa, ndio wanatoboa, na wengine wanapita vizuri kuliko waliotoka advansi, ila siyo kwa kukariri na hapo naomba nipingane na ndugu aliyetangulia. Kalkulasi hii huwezi kuisahau baada ya pepa maana mwaka wa pili inakuja kwenye mekaniki ya vimiminika, kwenye nguvu za mihimili, kwenye takwimu. Pepa za nyuma ni nzuri wiki ya mwisho, ukianza nazo sasa hivi zinakudanganya, unaona umejua kumbe unalijua lile swali tu.

Sasa tuje kwenye maswali yako matatu. Nimeyaangalia vizuri na kusema kweli hayaonyeshi mtu asiyejua, yanaonyesha makosa matatu tofauti na kila moja lina dawa yake.

La kwanza sabstitusheni umefanya safi kabisa. Kosa liko mwishoni, ulibadilisha x kuwa u lakini limiti ukaziacha za x. Zile 0 na 1 ni za x. Ukishahamia u lazima uziulize, x ikiwa 0, u ni ngapi? Ni 1. x ikiwa 1, u ni 2. Kwahiyo unaingiza 2 na 1 kwenye u⁴/8, unapata 16/8 toa 1/8, jibu 15/8. Ni kama umehamia benchimaki (alama yenye kimo kinachojulikana) nyingine halafu unasoma levo kwa namba za benchimaki ya zamani. Shika tabia hii, mara tu baada ya kuandika du andika limiti mpya pembeni kabla hujagusa kitu kingine. Swali hili peke yake ungepata alama karibu zote.

La pili hapo ndo wengi wanapofia. Bai patsi haikuja kutoka hewani, ni ile kanuni ya kudifrensieti vitu viwili vinavyozidishana uliyosoma semista ya kwanza, imegeuzwa tu. Ukiitumia, kitu kimoja unakidifrensieti na kingine unakiintegreti. Sasa jiulize, katika x na eˣ, kipi kinapungua nikikidifrensieti? x inakuwa 1, imekwisha. eˣ inabaki eˣ, haijali. Kwahiyo u lazima iwe x, eˣ ndo uiintegreti maana haikugharimu chochote. Inakuja x eˣ − ∫ eˣ dx, yaani x eˣ − eˣ + C, mistari miwili. Wewe uliigeuza ndo maana x ikawa inakua, x², x³, na ingekua mpaka asubuhi. Ukiona baada ya hatua ya kwanza integro mpya ni mbaya kuliko ya mwanzo, simama hapo hapo, futa, badilisha. Usiendelee kwa matumaini.

Kwa ujumla upendeleo wa kuwa u unakwenda hivi, logi kwanza kama ipo, halafu zile inversi za trigonometria, halafu x na x² na jamaa zake, halafu sain na kosain, eˣ mwisho. Hata ∫ ln x dx inatoka hivyo, u ni ln x na dv ni dx peke yake, unapata x ln x − x + C.

La tatu nakuomba ufanye kitu kimoja, chukua jibu lako ln(x² − 4x + 13) ulidifrensieti. Unapata (2x − 4) juu ya x² − 4x + 13. Swali lilikuwa na 1 juu, siyo 2x − 4. Ungegundua kosa mwenyewe ndani ya sekunde kumi. Na hili ndo jambo ninalowaambia wanafunzi wangu mpaka wananichoka, integresheni mtihani wake unakuja na majibu ndani yake, kwa sababu jibu lolote la integro isiyo na limiti ukilidifrensieti lazima likurudishe kwenye swali. Usiache jibu bila kulirudisha nyuma. La hili unakamilisha skwea, x² − 4x + 13 ni (x − 2)² + 9, ukiona skwea jumlisha namba chini peke yake hiyo ni inversi ya tani, jibu ni theluthi moja ya inversi ya tani ya (x − 2)/3, jumlisha C.

Sasa nianzie wapi. Difrensiesheni ni kama kutembea na ramani ya njia, ukipewa kitu unajua cha kufanya. Integresheni unapewa mwisho wa safari unaulizwa ulitokea wapi, na hakuna fomula moja inayokwambia, inabidi uitambue kwa sura. Kwahiyo mazoezi yake ni tofauti. Wanafunzi wangu nawapa karatasi yenye integro ishirini, marufuku kuzitatua. Wanaandika tu pembeni ya kila moja njia gani na kwanini. Sabstitusheni kwasababu derivativi ya kilicho ndani ipo nje. Bai patsi kwasababu ni x mara kosain. Pasho frakisheni kwasababu chini panagawanyika mabano mawili. Kukamilisha skwea kwasababu chini hapagawanyiki. Dakika kumi na tano tu. Fanya hivyo kila siku asubuhi wiki mbili, halafu jioni tatua tano kati ya zile mpaka mwisho na uzirudishe nyuma zote. Mfano linganisha hizi mbili, ∫ x cos(x²) dx na ∫ x cos x dx. Zinafanana kama mapacha. Ya kwanza sabstitusheni inaisha mstari mmoja, ya pili bai patsi. Ukiweza kusema kwanini bila kuandika chochote umeshavuka mto.

Na kitu cha mwisho samahani nimekuwa mrefu, ukikwama angalia umekwamia wapi. Mara nyingi siyo kalkulasi ni aljebra ya fomu tu na fomu tatu. Kama kugawa mabano au kupunguza vipeo kunakuchelewesha, rudi huko siku tatu bila aibu yoyote.

Nai_Sivo

Niaje kaka, mimi niko Nairobi third year sivo. Sisi form four tunafanya integresheni kidogo na ile trapezium rule kwa hivyo tulifika chuo tukijua jina lake, lakini hiyo yuniti ilitufagia vile vile, darasa letu wengi walienda sapu (kurudia mtihani). Iliyoniokoa mimi ni kikundi cha watu wanne, si kumi, wanne. Kila mtu anasolvu moja kwa ubao na wale wengine wanamuuliza "kwa nini" kwa kila mstari. Hiyo ya kuulizwa kwa nini ndio ilinifanya nijue vitu nilikuwa nafikiria najua. Na usiogope kumfuata lec ofisini, nilienda na kijikaratasi nimeandika mahali nimekwama, akaniambia mimi ndio mwanafunzi wa kwanza kuja tangu semista ianze. Watu mia mbili!

Sheli_ya_Njia_Panda

Nami niongezee kwenye "inatumika wapi" maana Mzee amegusa mapipa ya Kepler nikakumbuka kazi yangu.

Nasimamia sheli ndogo huku mkoani. Tangi la chini ya ardhi ni silinda imelazwa. Kila asubuhi tunatumbukiza fimbo ya kupimia, tunaangalia mafuta yamelowesha mpaka wapi, tunasoma kwenye jedwali la lita. Nilipoanza kazi nilidhani fimbo ikisoma robo ya kimo basi mafuta ni robo ya tangi. Siyo. Robo ya kimo ni kama asilimia 19.6 ya ujazo tu. Na ikisoma moja ya kumi ya kimo unabaki na asilimia 5.2, yaani kwenye tangi la lita elfu kumi unadhani una elfu moja kumbe una kama 520. Mtu akiagiza mafuta kwa kukadiria fimbo pampu zitavuta hewa wateja wamepanga foleni.

Sababu ni umbo, chini ya silinda iliyolazwa ni pembamba, upana unaongezeka ukipanda mpaka katikati halafu unapungua tena. Upana kwenye kila kimo ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha r² − y² (r ni nusu kipenyo cha tangi, y ni kimo kikipimwa kutoka katikati), unazidisha na urefu wa tangi na unene mdogo dy, unajumlisha kutoka chini mpaka mafuta yalipofika. Hiyo √(r² − y²) ndo ile sehemu ya trigonometria inayowatesa, unaweka y = r sin θ na mzizi unapotea kwasababu 1 toa sain skwea ni kosain skwea. Mwanangu yuko fomu sita PCM ndo alinifanyia, tukalinganisha na jedwali la tangi namba kwa namba. Sijasahau siku hiyo. Miaka sita nilikuwa nasoma lile jedwali bila kujua limetoka wapi.

Past_Pepa_Zote

Nimesoma michango yote. Nakubali ile ya karatasi ya integro ishirini, ningeijua wakati ule ningelala usingizi. Mkuu mfuate huyo tyuta, past pepa weka wiki ya mwisho.

Chenaji_Sifuri

Wakuu nimerudi baada ya siku tisa, sikutaka kuja kushukuru mikono mitupu.

Karatasi ya ishirini nafanya kila asubuhi kabla mtoto hajaamka. Siku ya kwanza nilipatia 7, leo 16. Zile mapacha, x cos(x²) na x cos x, sasa naziona tofauti zake kabla sijashika kalamu. Kurudisha jibu nyuma imekuwa kama kupiga levo ya kurudi benchimaki, nikifunga vibaya najua kuna mahali nimesoma stafu vibaya.

La tangi nilihangaika nalo jioni mbili. Nilikwama kwenye kosain skwea, nikakumbuka tyuta alisema angalia umekwamia wapi, kweli ilikuwa fomula ya pembe mara mbili nimeisahau. Nikairudia, nikaweka kimo robo, ikatoka 0.1955. Nilimwamsha mke wangu nimwonyeshe.

Ila kuna moja naomba msaada, ∫ e^(−x²) dx. Iko kwenye kitabu kwenye mifano ya kukadiria, mimi nikataka kuitatua kabisa. Nimejaribu sabstitusheni, nikajaribu bai patsi kila upande. Nakosea wapi?

Tyuta_wa_Jioni

Kaka hukosei popote. Hiyo haitoki. Siyo kwamba ni ngumu, ilithibitishwa karne ya 19 na Liouville kwamba hakuna mchanganyiko wowote wa vipeo, logi, sain na jamaa zake unaoweza kuwa jibu lake. Ndo maana kitabu kimeiweka kwenye kukadiria, unaikata vipande kwa Simpson kama Mzee alivyokata tuta. Cha ajabu ukitaka eneo lake lote kutoka mwisho huu wa dunia mpaka ule linatoka safi kabisa, ni mzizi wa pai. Utaona mwaka wa pili ukifika integro mbili mbili.

Na umeshaitumia saiti. Mlikuwa mnavunja kyubu za zege, vile vipande vya kupima nguvu, siku ya 7 na ya 28? Zege linapangwa nguvu ya wastani iwe juu ya ile iliyoandikwa kwenye mchoro kwa 1.64 mara mtawanyiko wake, ili kyubu zitakazoshuka chini ya hiyo nguvu zisizidi 5 katika 100. Hiyo 1.64 imesomwa kwenye jedwali, na jedwali limetengenezwa kwa kukadiria eneo chini ya hiyo hiyo e^(−x²) iliyokunyima usingizi.

Mzee_wa_Levo

Umenifurahisha sana mdogo wangu. Lile daftari lako la saiti bado unalo?

Chenaji_Sifuri

Ninalo Mzee, lina matope mpaka leo. Baada ya kusoma swali lako nimelifungua, nikachagua sehemu ya kujaza tuliyofanya karibu na kalavati la tatu. Maeneo matatu kwa mita za mraba, mwanzo 8.4, mita 20 mbele 11.0, mita 40 mbele 12.4. Kwa wastani tuliolipiwa vipande viwili ni mita za ujazo 428. Kwa fomula ya prizmoidi 40 gawa kwa 6 mara 64.8, ni 432. Nikatafuta fomula yenyewe inayopita kwenye hayo maeneo matatu, 8.4 + 0.16x − 0.0015x², nikaiintegreti kutoka 0 mpaka 40, 336 + 128 − 32, ni 432 kamili.

Nikashangaa kitu kimoja, kwenye mfano wako wastani ulizidisha, 300 badala ya 286.67, huku kwangu wastani umepunguza. Nikakaa nayo. Nikadifrensieti mara mbili. Ya kwako ya pili inatoka chanya, ya kwangu hasi. Grafu yako imepinda inatazama juu, mstari ulionyooka unapita juu yake. Ya kwangu imepinda inatazama chini, mstari unapita chini yake na mita za ujazo nne za moramu zinabaki nje ya hesabu. Nimechora zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Testi ya pili ni Alhamisi. Kesho jioni tunakutana wanne ubaoni, mimi ndo wa kwanza kusimama, na nitaanza na hili la kalavati.